Konradi wa Marani na Mtamba wa Nyangate

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo sina nyimbo za kuwachangamsha, na mtaniwia radhi. Leo tunamkumbuka mzee mmoja aliyefariki Jumatano asubuhi huko Marani, Kitutu Chache, wilayani Kisii. Jina lake ni Konrad Hasselbach. Watu wa Marani walimwita Konradi, na mimi nitamwita hivyo hivyo, maana ndilo jina alilokufa nalo.

Konradi alikuwa Mjerumani. Alikuwa mchezaji wa tenisi. Tena si tenisi ya kujinyoosha viungo jioni, la. Alikuwa mchezaji wa kulipwa, mtu aliyekula na kuvaa kwa raketi yake. Shikeni maneno hayo, wasikilizaji: mchezaji wa kulipwa. Ndiyo yaliyomfukuza kwao. Ndiyo yaliyomfuata mpaka kwenye vilima vya Kisii, na yakamkalia kifuani mpaka siku ya mwisho.

Alizaliwa Bremen, kaskazini mwa Ujerumani. Baba yake alitunza viwanja vya tenisi vya matajiri. Mtoto akaokota mipira, akaokota na ujuzi. Alipokuwa kijana, vita vikaja vikala miaka yake mizuri. Vilipokwisha, alirudi akakuta mji umelala chini, na mama yake anachemsha maganda ya viazi.

Baridi ya mwaka 1947 iliua watu Ulaya. Mwaka huo Konradi alishinda mashindano ya jimbo lao. Tajiri mmoja aliyefurahia mchezo wake akampelekea mama yake viazi na makaa ya mawe. Basi. Viazi na makaa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Siku zile tenisi ilikuwa na sheria ya ajabu. Mashindano makubwa yote yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa, yaani wasiopokea chochote. Ukipokea kitu kwa sababu ya ushindi, wewe ni mchezaji wa kulipwa, na mlango unafungwa. Sheria hiyo iliandikwa na watu walioshiba, na aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Lakini ilikuwa sheria.

Wakubwa wa mchezo wakamwita Konradi. Wakamuuliza: ulipokea? Akasema hapana. Jirani akasema nilimwona akishusha makaa. Konradi akafungiwa maisha.

Mke wake, Mama Loice Nyanchera, ananiambia kwamba kisa hicho Konradi alikisimulia mezani mara nyingi mno, na kila mara alikimaliza kwa namna moja. "Alisema, Loice, wale watu wangenisamehe viazi. Hawakunisamehe uongo."

Alilichukua hilo likawa dini yake. Kumbukeni hivyo, maana tutarudi hapo.

Baada ya kufungiwa, alijiunga na kundi la wachezaji wa kulipwa. Walizunguka Ulaya kama watu wa sarakasi. Walitandika turubai juu ya sakafu ya ukumbi wowote, wakacheza chini ya taa, wakakunja turubai, wakapanda gari moshi. Alicheza na mabingwa. Wengine aliwafunga. Majina yao hayakuandikwa popote panapohesabika, kwa sababu mechi zao hazikuhesabika. Bega lake la kulia likaisha mwaka 1957. Hakuna aliyemuaga. Turubai likakunjwa, yeye akabaki kituoni.

Alikuwa na ufundi wa mashine aliojifunza vitani. Ufundi huo ndio uliomleta Kenya mwaka 1961, kutengeneza mashine za kumenyea kahawa za chama cha wakulima huko Marani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, si ndivyo tunavyosema? Mashine zilipona kweli. Miaka miwili haijaisha, akamwoa Loice, nesi kutoka upande wa Nyamira, Msabato wa kweli kweli. Wakapata binti, Mokeira.

Na nyuma ya kiwanda cha kahawa, Konradi akatengeneza uwanja wa tenisi.

Aliutengeneza kwa udongo wa kichuguu. Aliuponda, akauchekecha kwa chekecheo la kahawa, akaumwagilia maji, kisha akausawazisha. Cha kusawazishia kilikuwa pipa la mafuta alilolijaza saruji na kulipitisha chuma katikati, likavutwa kwa mikono. Lile pipa lilipozunguka lililia kama mlango mbovu, Marani nzima ikajua Konradi yuko kazini. Siku ya Sabato tu ndiyo lilinyamaza. Mama Loice hakuwa na mchezo katika hilo.

Watu walicheka. Mzungu analima ardhi halafu hapandi kitu! Lakini vijana walikuja, na mmoja wao hakuondoka. Huyo ndiye Jethro Momanyi.

Momanyi alikuwa mtoto wa mjane. Baba yake, Angwenyi, alikufa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Mama yake ni Nyangate, mwanamke wa maneno machache na jembe refu. Momanyi alikuwa na mkono, wasikilizaji. Waliomwona wakati ule wananiambia mpira ulitoka kwenye raketi yake ukiwa umeshaamua pa kwenda. Konradi alimfundisha miaka mitatu. Alimfundisha kwa Kiswahili kibovu, kwa kelele, na kwa upendo. Nasema upendo kwa sababu ndio neno lake. Mokeira ni binti, na Konradi alimpenda mno. Lakini bega lake lililokufa lilifufuka kwa Momanyi.

Mwaka 1966 Momanyi alishinda mashindano huko Kisumu. Akashinda tena Nairobi. Wakubwa wa tenisi wakasema kijana huyu atakwenda Ulaya na timu ya wachezaji wa ridhaa. Fikirieni jambo hilo. Kijana wa Marani angeingia kwa miguu yake katika viwanja ambavyo mwalimu wake alifungiwa. Konradi hakulala kwa furaha.

Marani ikafanya sherehe. Wimbi likasagwa, mbuzi wakachinjwa, kwaya ya kanisa ikaimba. Ndipo omogaka, yaani mzee, Zachariah Ombui, kaka mkubwa wa marehemu Angwenyi, akatokea nyuma ya nyumba na mtamba mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Mtamba mzuri, bado hajazaa. Akampa Konradi kamba.

"Wewe ndiye umemfundisha huyu kijana," akasema Zachariah. "Mpe kwa mkono yako."

Konradi akabaki ameishika ile kamba. Mama Loice alikuwa kando yake. "Niliona uso yake imebadilika," ananiambia. "Nikamwambia, Konradi, watu wanangoja. Akampa Momanyi kamba. Akasema mbuya mono, asante sana, Kikisii ile kidogo alijua. Watu wakapiga kelele. Yeye peke yake hakucheka."

Konradi aliwaza nini? Aliwaza viazi. Aliwaza makaa ya mawe. Aliona kijana amelipwa kwa ushindi wake mbele ya kijiji kizima, na yeye mwenyewe ndiye aliyekabidhi malipo.

Hakuuliza. Nalisema hili kwa uchungu, wasikilizaji: hakumuuliza mtu yeyote. Na Wakisii waliokuwa pale hawakumweleza, kwa sababu jambo linalojulikana na wote nani atahangaika kulitangaza?

Gazeti moja likatoa picha ya Momanyi na mtamba wake. Wiki chache baadaye gari likasimama mbele ya kiwanda cha kahawa. Alishuka bwana mmoja wa kamati ya tenisi ya Nairobi, amevaa suti, na picha mkononi. Simtaji jina. Alikuwa na swali moja.

"Bwana Hasselbach, ng'ombe huyu alitolewa kwa sababu ya ushindi?"

Mama Loice alikuwa amekuja na chai. Anakumbuka mumewe aliifuta mikono yake kwa kitambaa, polepole, kidole baada ya kidole. Alikuwa amerudi Bremen. Alikuwa amesimama tena mbele ya wale watu, na safari hii hangerudia kosa. Aliamini, kwa moyo wake wote, kwamba ukweli utamwokoa kijana. Watamkaripia tu. Watasema mrudishe ng'ombe, na yataisha. Si uongo ndio uliomwangusha yeye? Basi ukweli utamwinua Momanyi.

Akasema, "Ndiyo."

Yule bwana akashukuru, akamaliza chai yake, akaondoka. Jina la Momanyi likafutwa kwenye timu. Akatangazwa kuwa mchezaji wa kulipwa. Hakwenda Ulaya.

Habari ilipofika Marani, Mama Nyangate hakupiga kelele. Alimfungua yule mtamba, akamswaga mpaka mlangoni kwa Konradi, akamfunga kwenye nguzo. Konradi akatoka.

"Nimekuletea mshahara ya mwanangu," akasema Nyangate.

"Mama, mimi nilisema ukweli tu. Nilifikiri..."

"Ukweli gani? Bwana yangu Angwenyi alipokufa, Zachariah alichukua ng'ombe zetu akatunza. Mama ya hii mtamba ilitoka kwa boma yangu. Zachariah alisema, siku huyu mtoto atakuwa mwanaume, nitarudisha. Siku ile akaona amekuwa mwanaume. Ni hiyo tu. Hii ng'ombe haikuwa zawadi. Ilikuwa inarudi nyumbani."

Konradi akashika nguzo.

"Hata watoto wadogo hapa wanajua," akasema Nyangate. "Wewe tata, baba yetu, umekaa na sisi miaka hii yote, umekula kwangu. Kwa nini hukuuliza?"

Kisha akamfungua ng'ombe wake, akaenda naye.

Mnaelewa, wasikilizaji wapendwa? Mara ya kwanza Konradi alisema uongo na alijua. Mara ya pili alisema uongo na hakujua. Huu wa pili ndio uliomuua, ingawa ulichukua muda. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi tunalirudia kila siku, halafu hatuulizi.

Alipanda basi la Nairobi siku ile ile. Akasimama mbele ya kamati, akawaeleza habari za Angwenyi, za Zachariah, za ng'ombe wanaotunzwa kwa ndugu mpaka yatima akue. Wakamsikiliza kwa adabu. Wao pia walikijua kisa cha Bremen, kwa sababu alikuwa amewasimulia mwenyewe, kama alivyomsimulia kila mtu, kwa kujivunia funzo lake.

Mmoja akamwambia, "Kule kwenu ulikana, ikajulikana ulipokea. Hapa umekubali, sasa unakana. Bwana Hasselbach, tushike lipi?"

Alirudi Marani. Alipofika uwanjani alimkuta Momanyi amekaa kwenye mstari, raketi magotini. Walitazamana. Konradi akaanza kueleza, kijana akainuka. Aliiweka raketi juu ya lile pipa la saruji, vizuri kabisa, kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima. Kesho yake alikwenda Kericho kutafuta kazi.

Mwaka 1968, wengine mtakumbuka, wakubwa wa tenisi duniani waliifuta ile sheria. Wanaolipwa na wasiolipwa wakaruhusiwa kucheza pamoja. Konradi alisikia habari hiyo redioni, akaacha mashine imefunguliwa, akaenda mbio kwa Nyangate. Alimkuta anapeta wimbi. Akamweleza, mate yanamruka: milango iko wazi, Momanyi bado kijana, anaweza kurudi.

Nyangate aliendelea kupeta. Halafu akauliza, "Kwa hivyo sasa ng'ombe imekuwa ng'ombe tu?"

"Ndiyo, Mama."

"Ndiyo yako hiyo," akasema Nyangate, akainua tena ungo wake.

Konradi alikwenda Kericho. Aliulizia kiwanda cha chai alichoajiriwa Momanyi, akasubiri langoni mpaka wafanyakazi walipotoka. Momanyi alitoka akiwa amekonda, na mkono wa kulia umefungwa bendeji. Mashine ya kusaga majani ilikuwa imemkata vidole viwili. Konradi, fundi wa mashine, alizitambua mashine zile kwa mlio wake tu, hata kabla hajaelezwa. Alimshika Momanyi ule mkono uliofungwa, akalia pale langoni mbele za watu.

Momanyi akamwacha alie. Kisha akasema, "Mwalimu, nenda nyumbani. Mama Loice anakungoja."

Maji yakishamwagika hayazoleki. Lakini Konradi hakuacha kujaribu kuyazoa. Miaka ilipita, na kila jioni alilivuta lile pipa uwanjani, ingawa hapakuwa na mtu wa kucheza. Vijana wengine walikuja, akawafundisha wote. Hakumlilia hata mmoja, hakumfokea hata mmoja. Momanyi alirudi Marani baadaye, akaoa, akalima chai kwenye shamba la baba yake. Walipokutana njiani walisalimiana. Bwakire, bwakire. Hawakula pamoja. Kwa Wakisii, asiyekula nawe amekuambia yote.

Konradi alitaka jambo moja tu kabla ya kufa. Alitaka Momanyi amwambie kwa kinywa chake kwamba yamekwisha. Mama Loice anasema hakuomba lingine. Mapafu yalipomlaza mwaka huu wa 1977, alimtuma Mokeira kwa Momanyi. Momanyi hakuja. Akamtuma tena. Hakuja. Aliyekuja ni Nyangate, mzee sasa, na kibuyu cha maziwa yaliyoganda. Yalikuwa ya kizazi cha yule mtamba. Akamnywesha mgonjwa kwa kijiko, akarudi kwake.

Jumanne alasiri, siku moja kabla ya kifo, Mama Loice alikuwa amekaa kitandani kwa mumewe. Wakasikia mlio nje. Ule mlio wa mlango mbovu. Pipa lilikuwa linazunguka.

Akaenda dirishani. Ni Momanyi. Alikuwa amefyeka majani, amemwagilia udongo maji, sasa analivuta lile pipa kwa mkono wa kushoto na vidole vitatu vya kulia. Alivuta kwenda, akavuta kurudi. Hakuangalia nyumbani hata mara moja.

"Nikamwambia Konradi, ni Momanyi," anasimulia Mama Loice. "Akafunga macho. Nikafikiri analia. Akasikiliza sana. Nilingoja aseme jambo kubwa, wajua, jambo la kufa nalo. Akasema, hiyo chuma imekauka. Mwambie atie grisi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Alisikiliza mpaka giza likaingia na pipa likanyamaza. Alikufa asubuhi. Momanyi hakuwa ameingia ndani.

Mimi mwenyewe nilikuwa Marani jana. Nilimkuta Momanyi amepiga magoti kando ya lile pipa, na mkebe wa grisi. Nilimuuliza bila kuzunguka: Bwana Momanyi, umemsamehe?

Alipangusa mikono kwa muda mrefu. Akasema, "Hapana. Sitakudanganya. Kama nisingempenda huyu mzee, ningekuwa nimemsamehe kitambo."

Nikamshikia mkebe wa grisi.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu wote hapa, natoa pole kwa Mama Loice Nyanchera na binti yake Mokeira. Pole kwa Mama Nyangate. Pole kwa Jethro Momanyi, maana naye amefiwa, hata kama hataki kuitwa mfiwa. Mungu awashike mkono.

Nanyi mnaonisikia, kabla hamjalala, mfikirieni mtu mnayedhani mnamfahamu kwa sababu mmekaa naye. Muulizeni lile mnalodhani mnalijua. Na ninyi wenyeji, mwelezeni mgeni wenu lile mnaloliona la kawaida. Neno moja lisilo na ubaya limetosha kuzika miaka ya watu wawili.

Mazishi ni Jumapili, nyumbani kwake Marani. Atachinjwa fahali mwekundu mwenye doa jeupe usoni, mjukuu wa yule mtamba. Momanyi amesema atamleta yeye mwenyewe, na kamba atamkabidhi Mama Loice. Omogaka Zachariah Ombui, ambaye sasa hata kuona haoni vizuri, ameomba apewe nafasi ya kusema kwanza. Atatangaza kwa Kiswahili, kwa sauti, fahali huyu ni wa nani, ametoka wapi, na anatolewa kwa nini. Nilimwambia, mzee, hayo si watu wote wanajua?

Akaniambia, "Hata ile siku walijua wote, ila mmoja. Huyo mmoja nataka asikie."